Mpira Ambao Malachy Considine Hakuuangusha

Baba Paroko, dada yangu Honora uliyefiwa na mume, watoto na wajukuu wa marehemu, majirani, wenzetu wa reli, mzee August Kessler uliyepanda treni mbili na miguu yako hiyo ili uwe nasi, na waheshimiwa wajumbe watatu mliotoka Ashbury na shada lile kubwa lililoshindwa kupita mlangoni, kwa niaba ya familia ya Considine na ya Lavelle nimepewa heshima ya kusoma historia ya marehemu shemeji yangu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu Honora aliniambia jana, "Festus, safari hii usipambe, soma yote," nami ni mtu wa kupamba, kila mtu humu anajua.

Marehemu Malachy Considine alizaliwa tarehe 3 Machi 1857 hapa Utica, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyokuwa kando ya mfereji, akiwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Thady Considine na marehemu mama Bedelia, waliovuka bahari kutoka Clare wakati wa ile njaa ya viazi wakiwa na sufuria moja na rozari, na alibatizwa siku ya tano baada ya kuzaliwa, kwa haraka, kwa kuwa mkunga alimtazama akasema huyu hafiki Pasaka. Alifika Pasaka hiyo na nyingine sitini na sita.

Alianza masomo mwaka 1863 katika shule ya parokia, akasoma hadi mwaka 1868, na masista waliomfundisha walimsifu kwa mwandiko mzuri ulionyooka, jambo ninalolitaja makusudi kwa sababu wengi wenu mlimfahamu kama mtu asiyeweza kushika kalamu, na huenda mlidhani hakusoma.

Akiwa na umri wa miaka kumi na moja aliajiriwa katika kiwanda cha kusubu majiko ya chuma, akibeba mchanga wa kalibu, ule wanaomiminia chuma kilichoyeyushwa, na hapo kiwandani, wakati wa mapumziko ya mchana, ndipo alipoanza kucheza besiboli na watu wazima, akapewa nafasi ambayo hakuna mwenye akili zake aliyeitaka, yaani nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira ambao rungu limeukosa. Vijana wa leo mnaowaona wadakaji wamevaa glavu nene kama mto wa kulalia na ngao ya kifuani, jueni kwamba Malachy alidaka kwa mikono mitupu, akiuma kipande cha raba ili meno yasimtoke, na kila jioni alizilowesha zile kucha na vidole katika bakuli la maji ya chumvi na siki ili ngozi ikomae, mpaka mama yake akamwambia, "Mwanangu, ukiendelea hivyo nitakupika na kabeji."

Alidaka vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Tarehe 8 Aprili 1878 alitia saini ya kuichezea kwa malipo timu ya Soksi Kijani ya Ashbury, huko Massachusetts, ambayo mmiliki wake alikuwa Bwana Lyman Pruitt, tajiri wa kiwanda cha viatu, mtu mpole, mkarimu wa sigara, ambaye hakupata kumpandishia mchezaji sauti, na aliyewaita wote "wanangu." Siku hizo mchezaji alikuwa kama kibarua wa mavuno, msimu ukiisha anakung'uta suruali, anauliza ni mji gani unaolipa vizuri, anakwenda, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka uliofuata, 1879, msimu wa majani kupukutika, wenye timu za Ligi, ule umoja wa timu kubwa za kulipwa, walikaa kikao wakakubaliana kwamba kila timu itachagua wachezaji watano, na hao watano timu nyingine yoyote isithubutu kuwagusa wala kuwashawishi. Wajumbe wa Ashbury, mnajua jambo hili kuliko sisi, lakini vijana wetu hawalijui, kwa hiyo nalisema wazi: Malachy alipoambiwa kuwa yeye ni mmoja wa wale watano, alifurahi. Alifurahi mno. Wote watano walifurahi, na wale ambao hawakutajwa walinuna, kwa maana waliona wenzao wamepewa cheo, wametajwa kwa majina kama maaskofu, na Malachy aliingia baa akawanunulia bia watu wote waliokuwamo, siku hizo bia ilikuwa haijapigwa marufuku kuwa dhambi ya serikali, na hata mimi niliyekuwa nimepita Ashbury katika shughuli zangu nilikunywa glasi mbili za furaha ile. Mmoja wa walioachwa, jamaa mwenye masharubu mekundu, alimwambia kwa wivu, "Wewe umeula, Considine. Sisi wengine nani atatutaka?" Naye marehemu akamshika bega akamfariji, akamwambia asikate tamaa, huenda mwakani naye atawekwa. Mzee Kessler pale anatikisa kichwa, maana naye alikuwa mmoja wa watano, na zile bia za pili alizilipia yeye.

Tarehe 12 Januari 1880, katika majira ya baridi, ambayo ndiyo majira pekee mchezaji alipokuwa mtu huru, marehemu alifunga ndoa takatifu na dada yangu Honora Lavelle, aliyekuwa mfumaji katika kiwanda cha soksi hapa Utica, na ilipofika mwezi wa Machi akamwomba wafuatane Ashbury. Haikuwezekana. Mama yetu mzazi alikuwa amepofuka, hakukubali kulishwa na mkono mwingine wowote ila wa Honora, na alipoambiwa habari za kuhama alijibu kwamba Utica ataondoka akiwa amelala chali na miguu mbele, mkitaka mchukueni hivyo. Kwa hiyo tangu Aprili mpaka Oktoba ya kila mwaka Malachy aliishi peke yake katika nyumba ya wapangaji huko Ashbury, akila viazi vya mama mwenye nyumba, na Honora aliishi hapa na mama, na walijaliwa watoto watatu katika utaratibu huo, Winifred, Bartley na Thady, ambao wote wamezaliwa kati ya Julai na Desemba, fanyeni hesabu wenyewe.

Winifred, mzaliwa wa kwanza, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1881, akiwa na kifua dhaifu, na katika majira ya baridi yaliyofuata wafanyabiashara wa hapa Utica walianzisha timu yao wakamtafuta mdakaji, wakasema ya nini kuhangaika na wageni wakati mdakaji mwenyewe ni mtoto wa mfereji wetu, wakaja nyumbani, wakakaa jikoni kwetu, wakanywa chai, wakaweka mezani ahadi nzuri. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka Malachy alimwambia Honora, "Naenda kumuaga Pruitt tu. Wiki mbili, tatu, nimerudi." Nasi tukamwamini, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini.

Bwana Pruitt alimkaribisha ofisini, akampa kiti, akampa sigara, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole, "Malachy, mwanangu, hivi nimekunyima nini?" Malachy akasema hajamnyima kitu, ila ana mke, ana mtoto anayekohoa, na mji wake unamwita. Pruitt akasema anaelewa, naye ana watoto, lakini yeye Malachy ni mmoja wa watano, na mtu wa watano haendi popote mpaka mwenye timu atake, si mwaka huu, si mwakani, na hata zile timu zisizo za Ligi zimeapa kuheshimu jambo hilo, kwa hiyo hao marafiki zake wa Utica walikuwa wakimdanganya ama hawajui wanachokisema. Malachy akauliza, "Mpaka lini?" Pruitt akafikiri, kwa kweli alifikiri, kisha akasema, "Mpaka utakapokuwa hutufai." Waliagana kwa kupeana mikono, na marehemu aliwahi kuniambia kwamba angefurahi kama yule mtu angemfukuza kwa matusi, kwa sababu tusi mtu hulishika akalirudisha, lakini sigara utairudishaje.

Sasa ndugu waombolezaji, tazameni alivyobanwa. Akicheza vizuri, anafaa, kwa hiyo hatoki. Akicheza vibaya kwa makusudi, basi ni msaliti wa mchezo, na miaka mitano tu nyuma wachezaji wanne wa mji mmoja wa Kentucky walikuwa wamefukuzwa maisha kwa kuuza mechi, mmoja wao alionekana akiomba kazi ya kufagia. Akibaki, mkewe yuko mbali. Akitoroka, hakuna timu itakayompokea chini ya jua hili. Alikaa na mawazo hayo Mei yote na Juni yote, huku Honora akimwandikia kwamba mtoto ameota jino, mtoto amesimama kwa kushika kiti, na mwishowe akajiambia kwamba hata mdakaji bora huangusha mpira, ni jambo la kawaida, haliitwi usaliti, na kwamba mpira mmoja tu, ukianguka mahali panapouma, unaweza kumfanya Pruitt amtazame kwa jicho jingine.

Jumamosi tarehe 22 Julai 1882, uwanjani Ashbury, Soksi Kijani walikuwa mbele kwa mkimbio mmoja katika zamu ya tisa, ambayo ni ya mwisho, wageni walikuwa wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa, mkimbiaji wao alikuwa kituo cha tatu akinusa nyumbani, yaani kituo cha mwisho ambacho akikifika ni mkimbio, na mpigaji alikuwa amekwisha kukosa mara mbili. Wajumbe wa Ashbury, hii ndiyo siku mliyoichora kwenye ukuta wa ukumbi wenu wa mji. August Kessler, mrushaji wa Soksi Kijani, alirusha, mpigaji alipiga hewa, na sheria ilikuwa hii, kwamba mpira ule wa tatu mdakaji akiudaka mechi imekwisha, akiuachia mchezo unaendelea, mkimbiaji anaingia nyumbani, wageni wanasawazisha. Mpira ulitoka ovyo, chini, pembeni, mpira ambao mdakaji yeyote angesamehewa kwa kuukosa. Mnavyosimulia ninyi ni kwamba Malachy Considine alijirusha mzima mzima akauokota kwa mkono mmoja sentimita chache kutoka ardhini, mkono wa kushoto, na kidole chake cha pete kikavunjika, naye hakuuachia. Mnasimulia kweli. Watu waliruka uzio, wakambeba mabegani, wakamzungusha uwanja mzima akibubujikwa na machozi, na magazeti yakaandika kwamba simba wa Ashbury alilia kwa furaha.

Simba alilia kwa sababu alikuwa ameamua kuuangusha. Naomba mtulie kidogo huko nyuma, nasoma kama nilivyoagizwa. Alikuwa ameamua tangu asubuhi, na Kessler alipotoa mkono Malachy aliona wazi kuwa huu ndio wenyewe, Mungu amemletea, hahitaji hata kuigiza, akae tu upite, na mkono ukaondoka peke yake kama mkono wa mama unavyomdaka mtoto anayeanguka kitandani, bila kumwuliza. Baadaye wakiwa bombani wakinawa, wawili tu, Kessler alimwambia, "Ulitaka kuuachia."

"Nani?"

"Wewe. Miaka minne nakurushia, bega lako nalijua. Bega lilikwisha kukata tamaa."

"Sasa mbona nimeudaka?"

"Usiniulize mimi. Uliza hicho kidole chako."

Mzee Kessler hakumwambia mtu yeyote kwa miaka arobaini na moja, na jana alipofika nilimwuliza kama niseme au nisiseme, akasema, "Sema. Ambao wangemfukuza wamekufa wote." Pruitt kwa furaha alimwongezea mshahara, akamkumbatia mbele ya watu, akatangaza kwamba mtu huyu hata waje na treni nzima ya dhahabu hamwachilii, na watu wakapiga makofi. Malachy naye ilimbidi apige.

Alirudi nyumbani mwezi wa Oktoba, na mtoto wake alipomwona alipiga yowe akajificha shingoni mwa mama, na kwa wiki nzima hakukubali kula ikiwa mtu yule yuko mezani, ikabidi marehemu awe anakula amesimama ukumbini, sahani mkononi, akisikiliza vijiko. Winifred mwanangu, usilie, hukujua, ulikuwa hujafikisha hata mwaka. Lakini majira ya kuchipua ya 1883 yalipofika na barua ya Ashbury ya kumwita ikaja, alisema hatoki tena hapa, akarudi kiwandani kusubu majiko, na Ligi ikatangaza kwamba Malachy Considine ni mtu asiyeruhusiwa kucheza popote, na timu yoyote itakayocheza naye au dhidi yake nayo imejifungia mlango.

Tuliona amepona. Alikuwa nyumbani, mtoto alimzoea, alimbeba mama yetu kila Jumapili mpaka kanisani. Kumbe mwenzetu alikuwa anakauka. Mwezi wa Agosti 1884, kwenye mandari ya parokia hii hii, vijana wetu walicheza na kikosi cha zima moto, mchezo wa kufurahisha watoto tu, mdakaji wetu akateguka mguu, watu wakasema Malachy yupo, ingia Malachy, naye akaweka koti chini akaingia uso ukiwa unang'aa, sijapata kumwona hivyo tangu arusini. Kabla mpira haujarushwa nahodha wa zima moto alimfuata, kofia mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka Malachy, nisamehe. Nina vijana wawili hapa wanatazamiwa na timu kubwa. Ukisimama hapo, wamekwisha." Malachy akamwambia, "Hakuna neno," akauweka ule mpira kwenye nyasi taratibu, akaenda kukaa na kina mama waliokuwa wakikata nyama, akawasaidia kushika sahani.

Honora aliyaona yote yale. Jioni hiyo alimwambia maneno ambayo mimi niliyasikia kwa kuwa nilikuwa kibarazani nikivuta kiko, na jana amenipa ruhusa niyaseme, alimwambia, "Nenda zako Ashbury, baba Winifred. Bora nikukose ukiwa mbali kuliko nikukose ukiwa mezani." Akamjibu kwamba akienda hatarudi mpaka wamtupe. Akamwambia, "Najua. Nitakuokota."

Basi tarehe 6 Aprili 1885 alirudi kwa Pruitt kwa miguu yake, akapewa kiti, akapewa sigara, akatakiwa aombe radhi mbele ya wachezaji wote, akaomba, akacheza. Alicheza misimu mitano. Wakati huo ile idadi ya watano ilikuwa imekwisha kupandishwa hata karibu timu nzima ikawa imefungwa, na yule jamaa wa masharubu mekundu, ambaye bado alikuwepo, alimwambia Malachy, "Ulisema nami nitawekwa. Mdomo wako una baraka." Walicheka, mzee Kessler anasema walicheka mpaka wakakaa chini. Katika misimu hiyo vidole vilivunjika kimoja baada ya kingine na kuunga upande, glavu zilianza kuvaliwa akazidharau, na alipozikubali hapakuwa tena na kitu cha kuokoa. Tarehe 19 Oktoba 1889 aliletewa kadi ya posta iliyosema kwamba timu inamwachilia, inamshukuru, na arudishe sare ikiwa imefuliwa. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, yuko huru kwenda mji wowote wa Marekani autakao, na hakuwa na mikono ya kwenda nayo. Ile timu ya Utica ilikuwa imekufa miaka mitatu nyuma kwa kukosa watazamaji.

Sare aliirudisha. Honora aliifua.

Kiwanda cha majiko hakikumrudisha, kwa kuwa hakuweza kushika kata ya chuma cha moto, ila kampuni ya reli ilimpa kazi ya kulinda kivuko cha barabara, kuteremsha kizuizi treni ikija na kukipandisha ikipita, akawa anakisukuma kwa viwiko, na kazi hiyo aliifanya tangu mwaka 1890 hadi alipostaafu mwaka 1919 bila ajali hata moja. Mtoto wa mwisho, Rosaleen, alizaliwa tarehe 17 Aprili 1891, wa kwanza katika nyumba ile kuzaliwa mwezi wa Aprili, na marehemu alipenda kumwita "mtoto wa uhuru" mpaka Honora akamkataza mbele ya wageni. Mwaka 1908 Bartley, aliyerithi mikono ya baba yake kabla haijaharibika, alifuatwa na mtu wa timu kubwa, akaja mbio kumwuliza baba, naye hakumkataza, alimwambia tu, "Waulize siku ya kuondoka ni lini. Wakikutajia siku, tia saini." Bartley akaenda akauliza, yule mtu akacheka sana, na ndiyo maana leo Bartley ni fundi bomba.

Kuhusu ugonjwa, vidole vya marehemu vilijikunja mwaka hadi mwaka vikagoma kunyooka, hata kitasa cha mlango hakuweza kukizungusha, na kama Honora ametoka na upepo ukasukuma mlango, basi yeye amefungwa ndani mpaka mtu apite. Hakupiga kelele kuita. Alikaa kitini akingoja, kwa uvumilivu ambao mimi ulikuwa ukiniudhi, nikamwambia mara moja, "Shemeji, si ugonge hata dirisha?" akaniambia, "Festus, kungoja ndiyo kazi niliyosomea." Mwaka juzi Ashbury walimwalika kwenye sherehe ya miaka arobaini ya ule mpira, wakalipia treni, wakaahidi bendi ya matarumbeta, na tulipokuwa tunamfungia sanduku akatuuliza, "Hivi nikifika huko, wataniruhusu kurudi?" Tukacheka. Tulipomtazama hakuwa akicheka, mzee wa miaka sitini na mitano, na sanduku tukalifungua.

Tarehe 20 Desemba mwaka jana alipata kiharusi, akatibiwa nyumbani, na tarehe 11 mwezi huu, Jumatatu, saa tisa alasiri, alifariki dunia akiwa amepewa sakramenti zote, Honora akiwa ameishika mikono yake miwili. Daktari alipomwambia, "Mama, sasa waweza kumwachia," dada yangu alimjibu bila kugeuka, "Daktari, miaka arobaini na minne nimekuwa nikigawana huyu na watu wengine. Ndiyo kwanza amekuwa wangu. Ngoja kidogo." Tulingoja, na ulikuwa muda mrefu.

Sasa nafika mahali pagumu. Wajumbe wa Ashbury walipofika juzi, pamoja na rambirambi zao, ambazo tunazithamini, walituletea ombi kwamba marehemu azikwe Ashbury, pembeni ya uwanja, ambako wamemchimbia kaburi na kumchongea jiwe la mikono miwili iliyoshika mpira, na walituonyesha kwa adabu sana kwamba yeye ni wa Ashbury, kwamba mji mzima unamngoja, na kwamba behewa limekwisha kulipiwa. Walituambia tusijibu kwa haraka. Hatukujibu kwa haraka, Honora alilala nalo, akaamka nalo, akaniita akaniambia nisome yote, pamoja na ule mpira, ili wenzetu wajue wanamwomba nani. Ninyi mnamtaka mtu aliyeudaka. Sisi tunamzika mtu aliyetaka kuuachia aje nyumbani kwake.

Kwa hiyo jibu la familia ni hili, waheshimiwa, na mlipokee bila kinyongo, maana ninyi binafsi hamkumkosea na wawili kati yenu mlikuwa hata hamjazaliwa: shada tunalipokea, litatangulia mbele ya jeneza, na jiwe lenu lisimamisheni mahali mlipolichagua, liangalie uwanja. Mtu hatumtoi.

Familia inamshukuru Daktari Aldous Whitcomb aliyekuja kila alipoitwa katika theluji ile, masista waliomkesha, Baba Paroko, na wenzake wa reli, ambao tunaambiwa watasimamisha treni ya saa nane kivukoni tutakapopita na jeneza, jambo ambalo halijapata kufanywa hata kwa gavana. Tunawashukuru vijana waliowasha makaa siku mbili juu ya ardhi iliyoganda ili kaburi lichimbike hapa Utica, tunamshukuru mzee August Kessler kwa kunyamaza na kwa kusema, na tunawashukuru majirani wote ambao kwa miaka mingi, mkipita mkaona mlango wetu umejifunga na mama hayupo, mlipanda ngazi mkaufungua hata bila kubisha, mkaendelea na safari zenu.

Malachy, shemeji yangu, lala na amani uliyoihangaikia. Kuanzia leo hakuna mwenye haki ya kukuita urudi, isipokuwa Yule aliyekuumba, naye tunaamini atakuuliza kwanza.